GDB na jibu la desimali: miaka 30 ya kukisia

Wadau, leo turudi nyuma kidogo tuangalie historia ya dibaga, hasa GDB, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986.

Tuseme umeandikia chama cha hapa Kware programu ya kukokotoa riba. Fankshoni ya riba iko kwenye maktaba iliyokompailiwa bila -g. Unaiita ukiwa ndani ya GDB ya zamani, unatarajia 1250.75, unapata namba nzima isiyo na kichwa wala miguu. Fankshoni haina kosa lolote. Sasa hiyo namba imetoka wapi?

Fankshoni ikimaliza kazi huacha jibu mahali palipokubaliwa ndani ya prosesa, na aliyeiita hulichukua hapo. Kwenye mashine za Intel za biti 32, namba nzima huachwa kwenye rejista EAX. Desimali zina makao yao. Mwaka 1980 Intel ilitoa 8087, chipu ya pembeni ya kufanya hesabu za desimali. Ilikuwa na rejista 8 za biti 80, zilizopangwa kama sahani, na jibu likawa linaachwa kwenye sahani ya juu, ST(0). Mwaka 1989 prosesa ya 486 ilikuja na kitengo hicho ndani yake, lakini desturi haikubadilika.

Mwaka 2003 AMD ikatoa Opteron ya biti 64. Kwenye Linux ya mashine hizo, double hurudi kwenye XMM0, ila long double imebaki ST(0). Nazo simu za Android za ARM biti 32 zilirudisha desimali kwenye rejista za kawaida, kuanzia r0.

Dibaga basi haioni jibu, inaona rejista tu. Ukiipa amri ya finish, husoma kwanza aina ya jibu kwenye maelezo yaliyoachwa na kompaila, ndipo hujua ifungue rejista ipi. Maelezo yakikosekana, GDB ilikuwa inachukulia kwamba fankshoni inarudisha int. Ilichungulia EAX, ikakuta mabaki ya kazi nyingine, ikayachapisha bila wasiwasi.

Hata kuandika (double) mbele hakukusaidia: mabaki yaligeuzwa tu kuwa desimali. Ilibidi uandike hivi:

print ((double (*)(double)) sqrt)(2.0)

Toleo 8.1 la Januari 2018 ndilo lililoacha kukisia. Sasa GDB hukataa kuita fankshoni hiyo mpaka uitajie aina ya jibu, na hii inatosha:

print (double) sqrt(2.0)

Kuna wanaolalamika kwamba GDB imekuwa msumbufu. Mimi naona afadhali. Pesa za chama ni jasho la watu, na dibaga inayokataa kujibu haikupotezei usiku mzima ukirekebisha hesabu ambayo haikuwa na kosa.