Haki za Mtuhumiwa Wakati wa Fitina: Kutoka Basra hadi Shinyanga

Wanazuoni wa fiqhi wametenga mlango maalumu wa bughati, yaani Waislamu wanaoshika silaha dhidi ya kiongozi halali. Msingi wake ni aya ya 9 ya Suratul-Hujurat, inayoamrisha kusuluhisha kwanza, kisha kupigana na kundi lililodhulumu mpaka lirejee, na likirejea lifanyiwe uadilifu. Sayyidna Ali (r.a.) aliifafanua kwa vitendo. Katika vita vya Jamal, karibu na Basra, mwaka 36 Hijria (656), aliamuru anayekimbia asifuatwe, majeruhi asimaliziwe, wala mali za walioshindwa zisigawanywe kama ngawira.

Ikiwa aliyebeba silaha ana haki hizo, vipi mtuhumiwa aliyekwisha kufungwa pingu? Bila shaka huyo anazistahiki zaidi. Kadhi Abu Yusuf, katika Kitabul-Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun Rashid, alikataza kuwapiga watuhumiwa. Alipokea kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba mtu aliyetishwa, kushindishwa njaa au kufungwa haaminiki katika anayoyakiri dhidi ya nafsi yake.

Hapa Tanzania, kanuni hii ilipata mtihani katika ardhi ya Wasukuma. Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Shinyanga, iliko Songwa, na Mwanza, ambayo wakati huo ilijumuisha Geita, ilikumbwa na mauaji mengi, hasa ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Wauaji hawakuwa waasi, lakini hofu waliyoieneza iliifanya serikali iendeshe msako mkali mwaka 1976. Polisi na watu wa usalama waliwakamata watu wengi na kuwatesa ili wakiri. Baadhi walifia mikononi mwa dola.

Ukweli ulipobainika, waliowajibika hawakuwa askari wa chini peke yao. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumtesa mtu kwa mkono wake. Alijiuzulu pia Waziri Peter Siyovelwa, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa walishtakiwa na kufungwa. Mzee Mwinyi akawa Rais mwaka 1985. Kuwajibika hakukumshushia heshima.

Na je, mateso yale yalizaa amani? Mauaji ya vikongwe yaliendelea kwa miongo kadhaa baadaye. Kukiri kwa mateso humpa mpelelezi jina la kuandika, lakini muuaji wa kweli huenda bado yuko kijijini, na jamaa za aliyeteswa hawatarudi kutoa ushahidi.

Ndugu Waislamu, aya ya 8 ya Suratul-Maida inatukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Imamu anapokemea mauaji juu ya mimbari, na amtetee pia aliyeko mahabusu asiyethibitishwa kosa. Aliye chini ya mkono wako ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wallahu a'lam.