Ufunguo wa Kabati: Maktaba ya Darasa na Msomaji wa Kiswahili Magongo

1. Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kuhesabu watunzi, tungo na wachapishaji. Msomaji, hasa wa shule ya msingi, hutajwa kwa kupitia tu. Makala haya yanadhamiria kuichunguza maktaba ya darasa, yaani kabati la vitabu vya hadithi linalotunzwa na mwalimu darasani mwake, kwa kurejelea Magongo, eneo la Changamwe, upande wa bara wa Mombasa. Hoja yetu ni kwamba suala la nani ashike ufunguo wa kabati hilo, na kwa kanuni zipi, limechangia kumuumba msomaji wa Kiswahili sawa na mitaala yenyewe.

2. Yaliyowekwa kabatini

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikapewa, pamoja na majukumu mengine, kazi ya kuidhinisha vitabu vya shule. Kwa hiyo, mtoto wa Mombasa alifunguliwa kabati ambalo Kimvita cha kwao hakikuwa na nafasi ndani yake. Miongoni mwa vitabu vya mwanzo zilikuwamo tafsiri za riwaya za Kiingereza kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hata Uhuru wa Watumwa (1934), kazi ya James Mbotela inayohusu Freretown, Kisauni, ilichapishwa London. Habari za ng'ambo ya pili ya kisiwa zilimfikia mtoto wa Changamwe baada ya kuvuka bahari mara mbili.

Magongo nayo ilikua kwa kazi za bandari, viwanda, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963. Wazazi walitoka Pwani na bara pia. Watoto wao walikuwa na Kiswahili cha mtaani, ambacho hakikuwa Kimvita kamili wala Kiswahili sanifu. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa imetambua kwamba kuchapisha pekee hakutoshi. Ndiyo maana ilisambaza pia masanduku ya vitabu vya kuazima. Funzo hilo halikudumu katika shule nyingi.

3. Kufuli na daftari

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Mwandishi wa makala haya alisoma chini ya mfumo huo katika shule moja ya upande huo. Darasani mlikuwa na kabati la mbao lenye hadithi zisizozidi arobaini, na kufuli lake lilifunguliwa siku mkaguzi alipotarajiwa. Sababu ilieleweka: kitabu kilichopotea kilimdai mwalimu, ilhali kitabu kisichosomwa hakikumdai mtu.

Mwaka mmoja mwalimu mwingine aliwakabidhi ufunguo viranja wawili. Vitabu vilifunikwa kwa karatasi za kaki na kupewa nambari. Ijumaa ikawa siku ya kuazima. Daftari lilipigwa mistari ya safu tano: jina, kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, na sentensi moja ya maoni. Kurasa zilizochanika zilibandikwa kwa uji wa unga wa ngano. Vitabu kadhaa havikurudi. Hata hivyo, hadithi za Abunuwasi zilipangiwa foleni, na zilipokwisha wanafunzi waliandika ngano za nyanya zao, wakazishona kwa uzi na kuzitia kabatini. Kiswahili cha nyumbani kikaingia hivyo pasipo idhini ya kamati yoyote.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto, 650 kati ya hizo zikiwa za vifaa vya kufundishia na kujifunzia. Uhaba wa vitabu vya kiada ulikuwa mkubwa na ulistahili kushughulikiwa kwanza. Lakini kitabu cha kiada hupewa mwanafunzi, naye hakichagui. Kuchagua, kukinai na kurudisha ni mazoezi ya kwanza ya uhakiki, na mahali pake ni penye kabati la hadithi.

4. Hitimisho

Nadharia ya upokezi hutuhimiza tumtafute msomaji halisi. Sisi tumekuwa tukimtafuta katika matini, ilhali sauti yake ilikuwa katika safu ya tano ya daftari la darasa. Daftari tulilolitaja halikuhifadhiwa. Mwaka ulipokwisha, kurasa zake ziliishia kufungia njugu. Tunapendekeza kwamba idara zetu ziwatume wanafunzi wa uzamili kuyakusanya madaftari ya namna hiyo yaliyosalia, Magongo na kwingineko, na kuyachambua kama matini. Aidha, walimu wanaofungua maktaba mpya za darasa waelezwe mapema kuwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakihesabiwi hasara. Bila ya hayo, tutaendelea kuwapokea chuoni wanafunzi ambao hawajapata kujichagulia kitabu, kisha tuwatake wawe wahakiki.