Laos: Kuingia na Kusafiri Ndani ya Nchi

Laos ni nchi pekee ya Asia ya Kusini-Mashariki isiyo na pwani. Imepakana na China kaskazini, Myanmar kaskazini-magharibi, Thailand magharibi, Kambodia kusini na Vietnam upande wote wa mashariki. Eneo lake ni kilomita za mraba 236,800, likikaribia lile la Uganda, lakini wakazi wake ni kama milioni 7.5 tu, na sehemu kubwa ya ardhi ni milima. Kwa karne nyingi usafiri ulitawaliwa na vitu viwili: Mto Mekong, ambao kwa masafa marefu ndio mpaka wa Thailand, na safu ya milima ya Annam, inayowatenga Walao na bahari ya Vietnam. Desemba 2021 ikaongezeka reli iliyojengwa na China. Tangu hapo nchi ina mwendo wa aina mbili. Penye reli safari huhesabiwa kwa saa. Kwingineko inaweza kumaliza siku nzima, hata mbili. Kwa sababu hiyo, mlango atakaouchagua msafiri ndio utakaoamua ataona nini na ataacha nini.

Mto usiofikisha meli baharini

Mekong unamwaga maji yake katika Bahari ya China Kusini, na Wafaransa waliokuwa wakiitawala Saigon waliamini kwamba unaweza kuwa barabara ya kuwafikisha China. Mwaka 1866 msafara wa Ernest Doudart de Lagrée na Francis Garnier ulipanda mto huo kwenda kuchunguza. Ulipofika mahali ambapo leo ni mpaka wa Laos na Kambodia, ulikuta maporomoko ya Khone, ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyapanda. Msafara uliendelea mpaka Yunnan, China, na de Lagrée alifia huko mwaka 1868, lakini ndoto ya kupitisha meli ilikuwa imekwisha.

Hata hivyo Wafaransa hawakukata tamaa. Mwaka 1893, mwaka walioitwaa Laos, walitandika reli fupi kwenye kisiwa cha Don Khon ili kuvusha manowari ndogo za mvuke zikiwa vipandevipande na kuziunga upya upande wa juu wa maporomoko. Baadaye reli hiyo ilivushwa kwa daraja hadi kisiwa jirani cha Don Det, ikafikia urefu wa kama kilomita 7, na ilitumika hadi miaka ya 1940. Daraja lipo mpaka leo na watalii hulipita kwa baiskeli; mabaki ya kichwa cha treni nayo yamehifadhiwa. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, Laos haikuwa na reli nyingine.

Kufika kutoka mbali

Hakuna ndege inayotoka Afrika moja kwa moja hadi Laos. Msafiri wa Afrika Mashariki kwa kawaida hufika kwanza Bangkok, ama kwa ndege za Nairobi na Addis Ababa, ama kwa kupitia viwanja vya Ghuba. Kutoka Bangkok kuna ndege fupi za kwenda uwanja wa Wattay katika mji mkuu, Vientiane, na ule wa Luang Prabang, kaskazini. Viwanja vya Pakse na Savannakhet, huko kusini, vina safari chache zaidi.

Kusimama Bangkok kuna masharti yake. Thailand inawadai wasafiri wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na Laos ina sharti kama hilo kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Kadi ya njano basi ikae pamoja na pasipoti, isifungiwe kwenye sanduku. Pia, mwenye tiketi mbili zisizounganishwa huenda akalazimika kupita uhamiaji wa Thailand ili achukue mizigo yake na kujiandikisha upya, na hapo atahitaji viza ya Thailand ingawa hana nia ya kulala huko. Anayepanga kurudi kwa njia ileile ahakikishe viza hiyo inaruhusu kuingia mara mbili. Wengi hukwama hapa kuliko mahali pengine popote, maana akili yao yote iko kwenye viza ya Laos.

Viza ya Laos yenyewe hutolewa mpakani kwa raia wa nchi nyingi, ila si kwa pasipoti zote, na pasipoti za Kiafrika zinahitaji kuulizwa mapema ubalozini. Tangu 2019 kuna pia viza ya kielektroniki. Lakini viza hiyo haipokelewi kwenye kila kituo cha mpaka. Inafaa kwenye viwanja vikuu vya ndege na madaraja makubwa, na anayenuia kuingilia kituo kidogo cha milimani athibitishe kwanza kama kinaipokea.

Madaraja ya Mekong

Kwa wanaoingia kwa ardhi, mlango mkuu ni Daraja la Urafiki kati ya Nong Khai nchini Thailand na viunga vya Vientiane. Lilijengwa kwa fedha za Australia, lina urefu wa mita 1,170, na lilifunguliwa Aprili 1994. Thailand huendesha kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Laos huendesha kulia, urithi wa Wafaransa, kama ilivyo Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo magari hubadilishana upande kwa taa mwishoni mwa daraja, upande wa Laos. Waenda kwa miguu hawaruhusiwi. Mtu hupanda basi dogo la kuvusha. Upande wa Laos, basi la mji namba 14 huenda hadi stendi ya soko la Talat Sao katikati ya Vientiane, safari ya kama kilomita 20, kwa nauli ambayo ni sehemu ndogo tu ya ile watakayoitaja madereva wa bajaji wanaosubiri nje ya uhamiaji.

Madaraja mengine yalifuata: Mukdahan hadi Savannakhet mwishoni mwa 2006, Nakhon Phanom hadi Thakhek mwaka 2011, na Chiang Khong hadi Houayxay mwaka 2013. La Savannakhet linaunganika na barabara namba 9 inayovuka nchi hadi Lao Bao, Vietnam. La Houayxay ndilo la kuchagua kwa anayetaka kuendelea ndani kwa mashua, jambo tutakalolirudia.

Mipaka ya Vietnam ni mingi lakini ina uchovu wake. Basi la Hanoi hadi Vientiane huchukua takriban saa 24, likilala mpakani usiku hadi ofisi zifunguliwe asubuhi, na ni safari ambayo mtu mwenye uwezo wa kulipa nauli ya ndege hana sababu ya kuifanya. Mpaka wa Myanmar hautumiki kwa watalii.

Reli

Treni ya kwanza ya kisasa kuingia Laos ilivuka Daraja la Urafiki mwaka 2009 na kusimama Thanaleng, kilomita chache tu kutoka mtoni. Sasa njia hiyo inafika kituo cha Khamsavath, karibu zaidi na mji, na tangu Julai 2024 kuna treni ya usiku kati ya Bangkok na Vientiane. Abiria hushuka Nong Khai kugongewa muhuri wa kutoka, kisha hushughulikia wa kuingia upande wa pili. Kwa bei na kwa mandhari, treni hiyo ni chaguo bora kuliko ndege.

Reli kubwa ni ile ya kaskazini. Ilifunguliwa tarehe 3 Desemba 2021, ina urefu wa kilomita 414 kutoka Vientiane hadi mpaka wa China huko Boten, na iligharimu karibu dola bilioni 6, China ikiwa na hisa 70 kwa mia. Karibu nusu ya njia imo ndani ya mahandaki, hivyo anayetarajia kutazama milima dirishani ataiona kwa vipande kati ya giza na giza. Treni za abiria, zilizopakwa rangi za bendera ya taifa, hufikia kilomita 160 kwa saa. Vientiane hadi Luang Prabang sasa ni kama saa 2. Kwa basi ilikuwa saa 10 za kona na kichefuchefu, na msimu wa mvua zaidi ya hapo. Tangu Aprili 2023 abiria wanaweza kuendelea hadi Kunming, China, safari ya kilomita 1,035.

Reli hizi mbili hazikutani kwa chuma. Ya Thailand ina upana wa mita 1, sawa na ile iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Uganda. Ya China ina milimita 1,435, kama reli ya SGR ya Kenya na ya Tanzania. Mzigo hupakuliwa na kupakiwa upya, na abiria hutafuta gari la kumvusha kutoka kituo kimoja hadi kingine, kwa sababu kituo cha reli ya China kiko nje ya mji. Ndivyo ilivyo hata Luang Prabang: kituo kiko zaidi ya kilomita 10 kutoka mji wa kale, na magari madogo ya abiria husubiri kila treni. Njia hii ilipangwa kwa kufikiria mizigo kwanza na abiria baadaye.

Tiketi huuzwa siku chache tu kabla ya safari, kwa pasipoti, kwenye vituo au kwa programu ya simu, na za Luang Prabang humalizika upesi. Ukaguzi wa mizigo ni mkali kama wa uwanja wa ndege. Visu na makopo ya dawa za kupuliza, hata ya manukato na ya kufukuza mbu, huchukuliwa mlangoni. Lango hufungwa kabla ya treni kuondoka, na anayechelewa haruhusiwi kupita.

Barabara

Uti wa mgongo ni barabara namba 13, inayotoka Boten, kupita Luang Prabang, Vientiane, Savannakhet na Pakse, hadi mpaka wa Kambodia. Kusini mwa Vientiane ni tambarare, na mabasi ya usiku yenye vitanda huenda Pakse kwa usiku mmoja. Vitanda vingi hulaliwa na watu wawili, hivyo anayesafiri peke yake ajue huenda akalala ubavuni mwa asiyemjua. Kaskazini barabara hupanda milima, na mvua ya Julai na Agosti huangusha udongo barabarani. Kutoka Vientiane hadi Vang Vieng kuna barabara ya kulipia ya kama kilomita 110, iliyofunguliwa Desemba 2020, lakini pikipiki hazikubaliwi.

Safari fupi hufanywa kwa songthaew, gari dogo la mizigo lililoezekwa na kuwekwa mabenchi mawili yanayotazamana, kama daladala za Unguja. Huondoka linapojaa. Mijini kuna bajaji za kupatana bei, na Vientiane ina programu ya Loca ya kuita teksi, ambayo imewapunguzia wageni kelele nyingi za kupatana.

Wapenda pikipiki hufuata mizunguko miwili ya kusini: wa Thakhek, wenye pango la Kong Lor ambalo mto hupita ndani yake kwa kama kilomita 7 na mashua hulivuka, na wa uwanda wa Bolaven, nchi ya kahawa na maporomoko. Anayekodi asiache pasipoti kama rehani; wakodishaji wengi hukubali amana ya fedha. Bima nyingi hazilipi ajali ya mtu asiye na leseni ya pikipiki.

Onyo moja halina mzaha. Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu juu ya Laos, na mabomu mtawanyiko mengi hayakulipuka. Katika jimbo la Xieng Khouang, penye Uwanda wa Mitungi ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2019, alama za zege zinaonyesha eneo lililosafishwa. Mtu asitoke njiani hapo, hata kwenda haja.

Mashua

Safari ya mto iliyobaki yenye maana kwa msafiri ni ile ya Houayxay hadi Luang Prabang: siku mbili kwa mashua ndefu ya mbao, kulala Pakbeng, na kupita mapango ya Pak Ou yaliyojaa sanamu za Buddha siku ya pili alasiri. Zipo boti za kasi zinazomaliza njia hiyo kwa siku moja, abiria wakivaa helmeti, na sababu ya helmeti inaonekana wazi maji yakipungua na mawe yakijitokeza. Hazishauriwi.

Mito mingine imefungwa na mabwawa ya umeme. Nam Ou, uliokuwa ukipeleka watu kutoka Luang Prabang hadi milima ya kaskazini, una mabwawa saba, na sasa mashua huenda vipande tu, kama kile cha Nong Khiaw hadi Muang Ngoi. Bwawa la Xayaburi kwenye Mekong lilianza kazi mwaka 2019.

Majira na fedha

Novemba hadi Februari ni baridi ya kupendeza, na milimani usiku panahitaji sweta. Machi na Aprili moshi wa kuchoma mashamba hufunika kaskazini, na ndege huchelewa au kuahirishwa. Katikati ya Aprili ni mwaka mpya wa Kilao: watu humwagiana maji barabarani, mabasi hujaa, na ofisi nyingi hufungwa.

Sarafu ni kip. Mwaka 2021 dola 1 ilibadilishwa kwa chini ya kip 10,000 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa juu ya 20,000, katika kipindi ambacho deni la umma, reli ikiwemo, lilizidi pato la mwaka la nchi nzima. Kwa hiyo bei za vitabu vya safari vya kabla ya hapo hazina maana. Wenyeji hulipana kwa simu, lakini mgeni atahitaji noti, na kadi haitamsaidia nje ya miji mikubwa. Baht ya Thailand hupokelewa karibu na mto. Kip ni vigumu kubadilishwa nje ya Laos, hata Bangkok, hivyo zilizobaki hutumiwa mpakani.