Kutoka Cheche hadi Sauti: Njia ya Redio Mpaka Butembo

Barabara ya taifa namba 2 kutoka Beni hadi Butembo hupanda milima kwa zaidi ya kilomita 50, na redio ya gari hupoteza kituo na kukipata tena kadiri kona zinavyopita. Mawimbi ya FM hayapendi kilima. Lakini kabla ya milima palikuwa na kizuizi kikubwa zaidi: redio ya kwanza ya Kongo haikujua kusema.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alimkabidhi mwanasayansi Robert Goldschmidt kazi ya kujenga vituo vya telegrafu isiyo na waya. Vilifuata Mto Kongo hadi Stanleyville, Kisangani ya leo. Mitambo ile ilitumia cheche, na kila cheche ilizaa wimbi lililofifia papo hapo. Hilo lilitosha kwa nukta na vistari vya Morse. Sauti ya mtu huhitaji wimbi lisilokatika.

Dawa ilipatikana kwingine. Mwaka 1906 mvumbuzi Lee de Forest alitia kiungo cha tatu ndani ya valvu, umeme hafifu ukaweza kuuamrisha umeme mkubwa: hiyo ndiyo amplifaya. Mwaka 1912 Edwin Armstrong, akiwa mwanafunzi New York, alirudisha sehemu ya umeme unaotoka pale unapoingilia. Ukirudishwa kidogo, nguvu huongezeka. Ukizidi, saketi hutetema yenyewe, nayo imekuwa osileta. Waumini wa Butembo wanaujua mtetemo huo: maikrofoni ikisogezwa karibu na spika, kanisa zima huziba masikio. Kwenye redio, koili na kapasita ndizo zinazoamua kasi yake. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilifanya kazi hizo zote kwa betri ndogo, na redio ikaingia vijijini.

Kiswahili nacho kilipata nafasi hewani. Kituo cha Radio Okapi kilianza tarehe 25 Februari 2002, kikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Ebola ilipozuka Beni mwaka 2018, redio ilipeleka maelezo ya kujikinga hadi majumbani.

Fundi wa redio hahitaji vifaa vya bei kubwa kukagua amplifaya na osileta. Hugusa njia ya kuingilia ya amplifaya kwa ncha ya bisibisi. Spika ikivuma, amplifaya ni nzima. Kwa osileta, huweka redio ya pili kando: ya kwanza ikiwa FM 90, ya pili hutafuta karibu na 100.7. Mchakacho ukinyamaza hapo, osileta inafanya kazi.

Simu ya mkononi nayo ina amplifaya na osileta, ila zimefichwa ndani ya vipande visivyofunguka. Basi kijana wa Beni au Butembo anayetaka kuijua elektroniki asitupe redio mbovu ya babu. Aifungue, aanzie hapo.