Stesheni ya Sigi na Reli ya Mbao

Msafiri atokaye Muheza kwenda Amani, kabla hajaanza ule mpando wenyewe, hufika mahali paitwapo Sigi. Hapo ataona mto, msitu, na nyumba ya zamani ya tangu enzi za Wadachi. Reli hataiona. Walakini nyumba ile ilikuwa ya stesheni masta, na mahali pale palikuwa mwisho wa njia ya garimoshi.

Huenda mwanachama akauliza: katika kitabu cha ukumbusho wa miaka 10, ambamo twatazamia kusoma habari za maghala na mizani, stesheni iliyokwisha kufa yatuhusu nini? Yatuhusu kwa ajili ya swali ambalo kila mkulima wa mlimani analijua: mzigo wake utateremshwa na nani, na kwa faida ya nani?

Yapasa kwanza tuitazame njia kuu. Wadachi walianza kuijenga reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893. Shabaha yao ilikuwa kuyafikia mashamba ya kahawa ambayo walowezi walikuwa wameyaanzisha katika milima ya Usambara ya Mashariki. Kampani iliyoijenga ilifika Muheza mwaka 1896, fedha zikaiishia, na mwaka 1899 ikabidi Serikali iichukue. Reli ikaendelea Korogwe, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Hivyo ikaizunguka milima na kwenda zake. Kahawa yenyewe, iliyokuwa sababu ya safari yote, haikustawi katika udongo ule. Msitu mkubwa waweza kusimama juu ya udongo uliokwisha kuoshwa na mvua, ukamdanganya mgeni.

Kilichobaki mlimani kilikuwa miti. Kampani moja iliyotaka mbao iliamua kujenga reli yake yenyewe kutoka Tengeni, karibu na Muheza, mpaka Sigi, umbali wa kilomita 23 hivi. Kazi ilianza mwaka 1904 ikamalizika mwaka 1910. Miaka sita kwa kilomita 23! Aliyepata kuziona korongo zile hatashangaa. Mahali ambapo mteremko ulikuwa mkali mno kwa kuzunguka, njia ilikatwa kwa mapindi: garimoshi lilikwenda mbele mpaka mwisho wa pindi, reli ikageuzwa, nalo likapanda kinyumenyume mpaka pindi la pili. Kazi ya kuchimba, kupasua mawe na kulaza mataruma ilikuwa ya mikono ya vibarua.

Reli hiyo ilikuwa na ila moja kubwa. Upana wake ulikuwa sentimita 75 tu, na ile ya Usambara ilikuwa na upana wa meta moja. Behewa la Sigi halikuweza kupita katika njia kuu. Kila gogo lililofika Tengeni lilipaswa kupakuliwa na kupakiwa tena katika behewa jingine ndipo lifike bandarini Tanga. Mtu anayelipa makuli mara mbili kwa mzigo mmoja ajua hasara yake.

Chuo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, kilinufaika na reli hiyo, ijapokuwa haikujengwa kwa ajili yake. Mizigo yake ilifika Sigi kwa garimoshi, kisha ikapandishwa mlimani kwa barabara, maana reli haikufika Amani kamwe. Wenyeji wa mlima, Washambaa na Wabondei, waliipa reli jasho lao, lakini haikuwekwa ili ichukue mazao yao. Tukiisifu ustadi wake, na ilistahili sifa, tusilisahau hilo.

Vita vilipokuja mwaka 1914 Amani ilikatwa na ng'ambo, ikawa inatengeneza kwinini na mahitaji mengine kwa jeshi la Wadachi. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yakaitwaa nchi ile. Baada ya vita reli ya Sigi haikudumu. Mwenye mbao alikuwa amekwisha ondoka, wala hapakuwa na chama cha wakulima cha kusema kwamba sisi tuna mzigo, iacheni njia. Ikang'olewa.

Utafiti wa Amani uliendelea chini ya Waingereza, na katika miaka ya 1930 wataalamu wa huko walishughulika kupata mihogo iwezayo kuvumilia ugonjwa wa batobato. Mbegu za mihogo hazikungojea garimoshi. Mwaka 1948 kazi ya kilimo ikahamishiwa Muguga, Kenya.

Mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira, na nyumba ya stesheni masta ikatengenezwa ili kuwapokea wageni. Watu hulipa kiingilio mahali ambapo magogo yalilazwa. Maji ya mto ule ule huteremka mpaka bwawa la Mabayani, nayo hunywewa na watu wa Tanga mjini. Iliki na chai ya mlimani hushuka kwa malori, na mwenye shamba lililo mbali na barabara bado hujitwika gunia lake kichwani mpaka lori linapoweza kufika.