Njia ya Kisiwani

Ukitoka Same kwenda Kihurio, milima ya Upare Kusini inakuwa mkono wa kulia, nyika ya Mkomazi mkono wa kushoto. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Pangani ilipita chini ya milima hii, kwa kuwa maji na chakula vilipatikana. Nimeifuata njia hiyo kinyumenyume, toka bara kuelekea pwani, nikitaka kujua jina "Mpare" limekusanya watu gani.

Kituo cha kwanza ni Kisiwani. Wajerumani waliweka kituo chao hapa miaka ya 1890. Kisha reli ya Tanga ikapita upande wa pili wa milima, ikafika Moshi mwaka 1911. Same ikawa mji, Kisiwani ikabaki kijiji. Lakini watu hawakuondoka na biashara. Katika vijiji vya ukanda huu utamkuta Mpare aliyeshuka mlimani, Msambaa, Mzigua, Mkamba na Mparakuyo.

Huko juu nako mchanganyiko ni wa zamani. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliwasikiliza wazee, na mwaka 1969 akachapisha historia ya nchi yao. Koo nyingi za kusini husimulia kuwa zilitoka Taita. Kaskazini wako Wagweno, ambao Kigweno chao kiko karibu na Kichaga kuliko Chasu, lugha ya Wapare. Huko Washana, wahunzi wa chuma, walitawala mpaka Wasuya walipowapindua.

Walionigusa zaidi ni Wambugu. Waliishi Upare Kusini kabla ya kuhamia Usambara, na lugha yao, Kima'a, inaibeba safari yote: sarufi yake ni ya Kibantu, jamaa ya Chasu, ilhali maneno mengi ni ya Kikushi, na mengine ya Kimaasai. Ni watu waliokubali kusema kama majirani zao bila kuyaachia maneno ya mababu.

Basi umoja wa Wapare ulitoka wapi? Kwa maoni yangu, mwaka 1945 uliutia nguvu kuliko tukio lolote la zamani. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeleta kodi ya mbiru, iliyopimwa kwa mali ya mtu; maelfu waliteremka kutoka milima yote, kusini na kaskazini, wakakusanyika Same kuipinga. Aliyetoka Usangi ya kaskazini na aliyetoka Mbaga ya kusini walikaa uwanja mmoja kwa shauri moja.

Upande wa kushoto wa njia, hali ikawa nyingine. Pori la akiba la Mkomazi lilitengwa mwaka 1951, na baadhi ya wafugaji Waparakuyo wakaruhusiwa kubaki ndani. Kufikia mwaka 1988 wafugaji wote walikuwa wameondolewa, na mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Anayeandika historia ya Same asiwaache nje ya kurasa zake: nao ni watu wa njia hii.