Matunda ya Ukingo wa Mto

Mtu asafiriye kutoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120, huona nchi ya mawe na mchanga, akadhani kuwa haijapata kuwa na bustani. Dhana hiyo si kweli. Bustani ya Waturkana haikuzungushiwa ua. Ilikuwa kandokando ya mito, Turkwel upande wa Lodwar na Tarach upande wa Kakuma. Humo huota mkunazi, uitwao ekalale kwa Kiturkana, na edome, na esekon, ambao Waswahili huuita mswaki. Yote huzaa matunda madogo yaliwayo.

Tangu zamani sehemu za ukingo wa mto zilikuwa na wenyewe. Sehemu ya namna hiyo huitwa ekwar. Familia iliyoishika ndiyo iliyokuwa na haki ya matunda yake wakati wa kiangazi. Wengine waliomba ruhusa, na kukata mti mbichi ovyo lilikuwa kosa. Mbegu hazikupandwa kwa jembe. Mbuzi walikula matunda, wakaziangusha kokwa njiani, na mvua ikamaliza kazi. Kazi ya watu ilikuwa kulinda.

Katika miaka ya 1980 uliletwa mti wa kigeni, mathenge, ili uzuie mchanga na kutoa kuni. Ulistawi kupita kiasi, ukaisonga miti ya asili mahali pengi. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Kakuma, na haja ya kuni ikaongezeka. Huenda msomaji akauliza: kuna hasara gani mkunazi mmoja ukipotea, maadamu mingine ipo? Jibu limo katika historia ya tunda la nchi ya mbali.

Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kwao kutoka Chile na miche mitano ya stroberi yenye matunda makubwa. Ilichanua, lakini haikuzaa, kwa kuwa yote ilikuwa ya kike na haikuwa na chavua. Baadaye wakulima wa Bretagne waliipanda karibu na stroberi za Virginia, nayo ikazaa kwa wingi. Mbegu za mchanganyiko huo zilileta mmea mpya, ambao ndio asili ya stroberi ziuzwazo leo. Mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne, kijana ambaye hajatimiza miaka 20, alitoa kitabu kilichoeleza kuwa mmea ule ulitokana na aina hizo mbili.

Mkunazi nao una tabia iliyo karibu na hiyo. Miti mingi haizai vema kwa chavua yake yenyewe. Hungoja nyuki na nzi walete ya mti mwingine. Basi ukipanda kokwa la kunazi tamu nyumbani, usishangae mche wake ukizaa matunda machachu: mama ulimjua, baba hukumjua. Wakulima wa India walichagua miti bora, wakaibebesha juu ya mashina yaliyooteshwa kwa mbegu, ili sifa zake zisipotee. Ndivyo zilivyodumu aina kama Gola na Umran.

Mwanafunzi wa Lodwar au Kakuma aweza kuanza hivyo hivyo. Na apasue kokwa kwa uangalifu asije akaiumiza mbegu, apande miche kadhaa, aizungushie miiba kuzuia mbuzi, kisha angoje miaka michache. Mingi itakuwa ya kawaida. Huenda mmoja ukawapita wazazi wake, naye ataubebesha.

Lakini mche huo hauzaliwi pasipo wazazi. Miche mitano ya Frézier ilikaa tasa kwa kukosa mwenzi. Wazee walioilinda ekwar walihifadhi chakula cha kiangazi, na pamoja nacho wakahifadhi wazazi wa matunda yajayo. Akiba haiozi, ila mti ukatwao leo hautatoa chavua kesho.